Mbwa wa Chini ya Michai

Mimi na yule mbwa tulijuana kwa wizi. Nilikuwa nimefunga ugali na omena, dagaa wa kwetu ziwani, katika mfuko wa nailoni, nikauacha chini ya mkaratusi pembeni mwa shamba, nikaingia kuchuma majani. Niliporudi saa saba, mfuko ulikuwa umeraruliwa na hakikusalia hata kichwa kimoja cha omena. Mimi nikiwa na njaa siongei na mtu vizuri. Niliusema ule mti, nikaisema mvua ya asubuhi, nikamsema na mume wangu ambaye hata hakuwepo, kisha nikainama kuokota mfuko wangu. Hapo ndipo nilipoona macho mawili yakinitazama kutoka chini ya michai.

Nilipiga magoti nione vizuri. Kwa miaka minne nilikuwa nimeifanyia kazi ile chai kwa juu tu. Nilijua meza yake ya kijani, ule uso wa juu uliokatwa sawasawa, nilijua umande wake unavyolowesha mikono hadi viwiko. Chini sikuwahi kuangalia. Kumbe chini kulikuwa na nchi nzima. Palikuwa pakavu, pa kahawia, vigogo vizee vimejipinda huku na huku, majani makavu yamelala kama godoro, na nuru kidogo imepenya hapa na pale. Ilikwenda mbali, mstari baada ya mstari, mpaka macho yangu yakashindwa kuifuata. Na katikati ya nchi hiyo alilala mbwa jike mwenye rangi ya udongo wetu, mwembamba, sikio moja limechanika. Njaa yangu niliisahau. Nilikaa pale kwa magoti nikishangaa kwamba nimekuwa nikitembea juu ya makao ya mtu bila kubisha hodi.

Niseme kwanza mimi ni nani pale. Kwetu ni upande wa ziwa. Baba alipata kazi katika kiwanda kimoja cha chai huku Kericho, nikakulia katika nyumba za wafanyakazi, na mwanzoni mwa miaka ya tisini nikaolewa na kijana wa upande wa Bomet, naye akaenda kufanya kazi ya boila kiwandani na kuniachia shamba la chai na mama yake. Mama huyo sote tulimwita Kogo, ndiyo nyanya kwa Kikipsigis, kwa sababu ya mtoto wangu mdogo aliyekuwa akishinda mgongoni mwake. Lugha yangu Kogo hakujua hata neno, na Kikipsigis changu kilimchekesha mpaka akashika mbavu. Kwa hiyo mimi na yeye tuliishi kwa Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake.

Nilimwambia habari ya mbwa jioni ile tukikamua.

“Umbwa ya nani?” akauliza.

“Haina mwenyewe, Kogo. Inaishi ndani ya majani.”

“Umbwa ni ya kulinda ng'ombe. Hiyo yako italinda nini, kama inajificha hata kwa mtu ya kuchuma chai?”

Niliendelea kukamua. Lakini kesho yake nilifunga omena mara mbili, fungu langu na fungu lake. Kogo aliuona ule mzigo, akaziba pua. Harufu ya omena hakuipenda tangu siku niliyoingia katika boma lake, na alikuwa ameivumilia kama watu wanavyovumilia jirani mwenye redio.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa karibu miezi miwili. Nilimwekea chakula pale pale chini ya mkaratusi, nikarudi nyuma, nikasimama na kikapu changu mgongoni. Hakutoka mpaka niwe nimefika mbali, na mbali yake niliipima: hatua thelathini. Nikiwa hatua ishirini na tisa, hatoki. Alikula akinitazama mimi, si chakula. Nikikohoa, alipotea, na usingesikia hata jani likitikisika. Siku moja aliinua kichwa nikaona shingo yake ina alama ya duara, manyoya hayaoti, ngozi imekuwa nyeusi na ngumu. Mtu alikuwa amemfunga kwa waya, na waya ukaachwa mpaka ukaingia ndani. Nilikasirika tena, safari hii si kwa ajili ya tumbo langu. Sikujua nimkasirikie nani, na hasira isiyo na mtu inachosha.

Kisha mtoto wa ng'ambo ya mto akaumwa na mbwa asiyejulikana. Alipelekwa hospitali, akachomwa sindano nyingi, akarudi salama, lakini watu walikuwa wameogopa. Chifu akaitisha baraza. Alisema Jumamosi ya tatu kuanzia siku hiyo mbwa wote wapelekwe kwenye dipu ya ng'ombe, pale wanapoogeshwa dawa ya kupe, kila mmoja amefungwa kamba na ameshikwa na mwenyewe, wachanjwe na wapewe kadi. Kuanzia Jumatatu yake, askari wangepita na bunduki, na mbwa yeyote asiye na kadi angepigwa risasi. Chifu hakusema kwa ubaya. Mimi mwenyewe nilikuwa na mtoto, nikaona ana haki kabisa. Nilirudi nyumbani nikihesabu siku: ishirini na moja, na kati yangu na mbwa hatua thelathini.

Majirani walinipa mashauri. Mmoja alisema nitege waya. Mwingine alisema nimpe maziwa yenye dawa ya usingizi, kana kwamba dawa hiyo naiokota njiani. Nilijaribu yangu. Nilihamisha chakula kila siku hatua moja kunielekea mimi. Naye kila siku alingoja nirudi nyuma hatua moja, hesabu ikabaki pale pale. Nilichuchumaa. Nilimwimbia. Nilimsemesha lugha yangu, maana niliona Kiswahili kimeshindwa. Ikapita wiki nzima na siku mbili, na usiniulize nilivyokuwa nikimjibu kila aliyeniuliza mbwa wangu hajambo.

Halafu ikanyesha mvua ya mawe.

Mtu wa chai anaijua mvua ile. Alasiri imetulia, kisha upande wa Londiani kunakuwa kweusi, upepo unageuka baridi, na kabla hujafunga kikapu mawe yanakupiga kichwani. Mimi nilikuwa katikati ya shamba, mbali na mkaratusi, mbali na nyumba. Nilitupa kila kitu kilichokuwa mkononi, nikajifunika kikapu kichwani, nikajiingiza chini ya michai kwa tumbo, nikitambaa kama mtoto. Huko chini kelele ilikuwa ya ajabu. Juu yangu mawe yalikuwa yakiyapiga majani tuliyoyangoja wiki nzima, na nilijua tumepoteza mchumo wote, lakini chini kulikuwa kukavu. Nikageuza uso. Mbwa alikuwa amelala karibu nami, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa.

Sikunyoosha. Hata kupumua nilipumua kidogo kidogo. Alikuwa akinitazama, na kwa mara ya kwanza mwili wake haukuwa umejikunja tayari kukimbia. Tulikaa hivyo sijui dakika ngapi. Wakati fulani alisogea, akanusa vidole vyangu, pua yake baridi, kisha akalaza kichwa juu ya miguu yake mwenyewe na kufumba macho. Mimi niliyekulia katika nyumba za kiwanda, nikiwafukuza mbwa kwa maji moto kama kila mtu, nilijiona nimeheshimiwa kuliko siku ya arusi yangu. Mawe yalipokoma alitoka upande wake na mimi nikatoka upande wangu.

Nilidhani kazi imekwisha. Asubuhi iliyofuata nilikwenda na omena na tabasamu, na kamba nimeificha kiunoni. Nilipoingia tu shambani, alinyanyuka na kutoroka hata kabla ya hatua thelathini. Karibu nilie. Nilisimama nikijiuliza nimekosa nini, jana rafiki na leo adui. Huku nikijiuliza, mikono yangu ikaanza kazi yenyewe, ikalaza fimbo juu ya michai ili nichume.

Lazima nieleze fimbo hiyo. Ni kijiti kirefu, chembamba, kilichonyooka. Mchumaji anakilaza juu ya mchai, na chochote kilichoinuka juu yake ndicho anachochuma, ili meza ya chai ibaki sawasawa. Unakilaza, unachuma, unakiinua, unasogea. Asubuhi mpaka jioni. Ukishakizoea hukioni tena. Ni kama kidole chako cha sita. Nilikuwa nikienda nacho chooni, nikirudi nacho nyumbani, nikimwekea mbwa chakula nacho, nikimwimbia nacho mkononi. Kwa miezi miwili nilikuwa nimesimama mbele ya mnyama aliyepigwa maisha yake yote, nikimwambia kwa sauti tamu asiogope, na fimbo nimeishika.

Siku ya mawe nilikuwa nimeitupa. Ndiyo siku aliyokuja.

Niliutazama mkono wangu kama mkono wa mtu mwingine. Kisha niliichukua ile fimbo, nikaenda nayo mpaka barabarani, nikaiacha kwenye ua. Nilirudi mikono mitupu. Baada ya muda mrefu pua nyekundu ilitokea katikati ya michai, ikanusa hewa, na mwenyewe akatoka. Alikula nikiwa hatua kumi. Niliona aibu na furaha kwa pamoja, na sijui hadi leo ni ipi iliyokuwa kubwa.

Tangu siku hiyo nilichuma bila fimbo. Mchumaji mwenzangu atajua maana yake: meza yangu ikawa vilima na mabonde, na kikapu kikajaa majani ya kila urefu. Kwenye kituo cha majani karani alimwaga kikapu changu juu ya gunia, akayapekua kwa mkono.

“Mama, siku hizi unachuma namna gani? Hii ndefu, hii fupi. Umewacha fimbo?”

“Nimewacha.”

“Kwa nini?”

“Mbwa haitaki.”

Alinitazama, akawatazama wanawake waliokuwa nyuma yangu, akatafuta mahali pengine pa kuangalia. Nilichambua majani yote upya pale sakafuni, jani kwa jani, wengine wakiendelea na foleni. Jina la mama wa mbwa nililipata siku hiyo, na mpaka nilipohama kule bado kuna walioniita hivyo. Kogo naye alizisikia habari kabla sijafika nyumbani. Hakunigombeza. Alisema tu, “Chai ya mzee yangu inaharibika kwa sababu ya umbwa,” na akaingia ndani. Lile liliniumiza kuliko kelele, maana michai ile ilipandwa na marehemu mume wake kwa mkono wake.

Siku tano kabla ya ile Jumamosi, mbwa alikula mkononi mwangu. Siku nne kabla yake, alikubali kidole nyuma ya sikio lililochanika. Nikaichukua ile kamba nikaitupa jikoni, maana shingo ile haikuwa ya kuonja kamba tena. Badala yake nilirarua leso yangu kuukuu ya kujifunga kiunoni, nikaisuka iwe nene na laini, nikampitishia kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, mbali na kovu. Alisimama akitetemeka. Nikafungua. Nikafunga tena. Siku mbili tulifanya hivyo, na ya tatu akanifuata shamba zima, mimi mbele na yeye nyuma, kitambaa kimelegea kati yetu. Jumamosi niliamka nikijua nimeshinda.

Kutoka kwetu hadi dipu ni mteremko, kisha kona moja. Tulishuka vizuri. Tulipopinda kona, mbwa alilala chini.

Niliinua macho nione kilichomtisha. Mbele ya dipu kulikuwa na wanaume wa kilima kizima na mbwa wao. Na mwanamume wa kule hatoki nyumbani bila fimbo, hata akienda kanisani. Walikuwa wameziegemea, wamezipachika kwapani, wanaelekezana kwa fimbo, wanawatuliza mbwa wao kwa fimbo. Wiki nzima niliificha moja na kujisifu, na sasa nilikuwa nimemleta kwenye msitu wake. Nilikaa chini njiani kando yake. Alikuwa ameutia uso ndani ya sketi yangu. Nyuma yetu ilikuwa nyumba, na katika nyumba ile ilikuwa ni kungoja Jumatatu na askari. Mbele hatungefika. Sikuwa na la tatu.

Kogo alitufikia hapo. Alikuwa amesema hatakuja, kwamba ana kazi, na sasa alikuwa amesimama juu yetu na mtoto wangu mgongoni.

“Mbona mmekaa kwa njia?”

“Fimbo, Kogo. Angalia. Haiwezi kupita.”

Alimtazama mbwa kwa muda. Nadhani alikuwa hajamwona kwa karibu kabla ya siku ile. Aliliona kovu. Alimrekebisha mtoto mgongoni, akatupita, akaenda peke yake mpaka mbele ya wanaume wale. Alisema nao Kikipsigis, na hicho nilikielewa: “Wekeni fimbo chini. Kuna mgonjwa anapita.”

Walicheka. Mmoja aliuliza kama mgonjwa mwenyewe amekunywa dawa. Kogo hakucheka. Alisimama tu, mfupi, shuka imekaza mabega, akimtazama mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa sijui jambo ambalo kila mtu pale alilijua. Marehemu mume wake ndiye aliyekaa na wengi wao jandoni walipokuwa vijana. Aliwafunza, akawauguza vidonda vyao, na heshima ya mwalimu wa jando kwa watu wale haizikwi naye, inabaki kwa mjane wake. Kicheko kilipungua. Mtu mmoja mwenye mvi, ambaye alikuwa na mbwa wawili wakubwa, aliinama polepole akalaza fimbo yake kwenye nyasi. Aliyekuwa kando yake akafanya vivyo hivyo. Kisha ikawa ni sauti ya fimbo zikigusa nyasi, moja hapa, mbili kule, mpaka mwisho wa foleni. Wazee wale hata kwa chifu hawakuwa wakiweka fimbo chini.

Alibaki mmoja. Alikuwa mzee sana, mguu wake mmoja mbovu, amesimama kwenye lango la dipu ambapo lazima upite.

“Mimi nikiweka hii nitaanguka,” akamwambia Kogo.

“Basi kaa nayo,” Kogo akasema. “Usiitikise.”

Nikanyanyuka. Sikuvuta kitambaa. Nilipiga hatua moja nikangoja. Mbwa aliinuka, tumbo lake bado karibu liguse ardhi, akaja. Tulipita kati ya watu walionyamaza. Askari alikuwa pale na bunduki yake begani, na bunduki hiyo mbwa wala hakuijali, hakuwa ameijua. Langoni aliiona fimbo ya mzee, akakojoa pale pale aliposimama, juu ya viatu vyangu. Kisha akajibana kwenye goti langu, akapita akijisugua kwangu. Daktari wa mifugo alimchoma sindano nikiwa nimemkumbatia, akaniandikia kadi, akaniambia niondoke upesi kwa sababu foleni ni ndefu.

Tulipokuwa tukirudi langoni, mbwa alisimama mwenyewe. Mimi sikumsimamisha. Alinyoosha shingo yake yenye kovu, pole pole, mbele ya watu wote wale, mpaka pua yake ikaifikia ncha ya fimbo ya mzee. Akainusa. Mzee alijitahidi kuishika imara kadiri alivyoweza, lakini mkono wake ulikuwa mkono wa mzee, na fimbo ikatetemeka. Mbwa naye akatetemeka, kuanzia kichwani hadi mkiani, na hakuondoka. Nilikishika kile kitambaa kimelegea mkononi, nikalia mbele ya kilima kizima, wala sikujifuta.